Mayai Chini ya Mkia

14 Novemba, Jumatatu

Wifi yangu Bodo ana mdomo, na leo umemponza. Amesema kwenye kinu, mbele ya wanawake wote, kwamba foza hawana madume. Eti wote ni majike na wanazaa bila kumwomba mtu ruhusa. Mmoja akasema basi na yeye angependa kuzaliwa foza, wakacheka mpaka mchi ukaanguka. Mimi nikasema hakuna kiumbe cha namna hiyo duniani. Tumewekeana dau: nikimpata dume mmoja kabla ya Krismasi, Bodo atanitwangia mpunga wiki nzima. Nisipompata, nitamtwangia yeye. Nimechukua daftari la binti yangu lenye kurasa nyeupe nyuma, niandike ninachokitoa mtoni kila siku, asije akaniruka.

Foza ni hawa kamba wageni wa mtoni, wenye madoadoa. Mzee Ralambo, jirani yetu wa bondeni, aliwaleta mwaka juzi kwenye ndoo kutoka soko la mjini, akawamwaga katika majaruba yake ya mpunga, akatutangazia kuwa sasa miezi ya njaa imepata kitoweo. Majarubani hawakukaa. Wakaingia mto Sahalava, na siku hizi ukitega mgono jioni kwa chambo cha minyoo, asubuhi huuinui kwa mkono mmoja.

15 Novemba

Ishirini na wanne. Nimewageuza mmoja mmoja. Dume wa kamba ana vijiti viwili vidogo chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, hata mtoto wa hapa anajua. Hakuna dume.

16 Novemba

Thelathini na mmoja. Hakuna dume. Lakini nimepata njia ya kumziba Bodo mdomo. Nimemchagua foza mmoja asiye na yai hata moja, nimemtia peke yake kwenye ndoo iliyokatika mkono, pamoja na jiwe la kujifichia na majani ya kula. Tuone atazaa na nani.

19 Novemba

Leo nimegombana na mama mkwe, kimoyomoyo, maana kwa mdomo sithubutu.

Katika ukoo wa mume wangu Solofo kuna mwiko usiochezewa. Kamba mwenye mayai chini ya mkia haliwi, hauzwi, hatupwi. Anatiwa kwenye ndoo ya maji, anapandishwa hadi juu ya maporomoko, anawekwa katika Kidimbwi cha Mama ambako maji yametulia. Anayembeba humwambia, "Nenda kazae." Zamani, mwaka wa njaa kubwa, bibi mmoja wa ukoo aliwala wenye mayai, na mto ukawa mtupu miaka mitano. Yeye ndiye aliyeapa kwa niaba ya wajukuu wote. Kwa sababu ya kiapo hicho Sahalava bado ina orana, kamba wetu wa asili, weusi, wazito, wenye miba, wanaochukua miaka kukua. Mabonde mengine yamebaki na hadithi. Orana ndio tunaowachemsha na kuwauza kwa wasafiri kule barabara ya lami, na ndio waliomsomesha binti yangu. Wote huzaliwa kidimbwini, kisha hushuka na maji.

Basi leo, kati ya foza thelathini, kumi na wawili walikuwa na mayai. Nimewatia chunguni pamoja na wenzao. Mama akaja na kijiti chake cha kutembelea, akainama, akawatoa mmoja mmoja kabla maji hayajapata moto.

"Yai ni yai," amesema.

Nimemwambia hawa si wetu, ni wageni.

"Na wewe nilipokupokea mlangoni ulikuwa wa nani?"

Nimebeba ndoo hadi juu, nusu saa ya kupanda kwenye utelezi, nimewamwaga nikisema "nendeni mkazae" kwa sauti ya mtu anayetapika. Hakuna dume.

23 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Ishirini na wanane, kumi wana mayai, nimewapandisha. Hakuna dume.

1 Desemba

Niseme ukweli, foza ni watamu. Mpunga wa ghalani kwetu umekwisha, tunakula mihogo, na bila hawa wageni tungekuwa tunatazamana. Nimewakaanga kwa tangawizi na pilipili, binti yangu amekula akalamba vidole. Mama hajagusa. Anakula mhogo wake na kisamvu, anasema meno yake yamezoea orana.

Mzee Ralambo hacheki tena. Foza wanatoboa kingo za majaruba yake, maji yanavuja usiku kucha. Leo nimemkuta amelala kifudifudi kwenye tope, mkono umezama hadi bega, anaziba shimo kwa nyasi. Nimemsalimu nikapita haraka nisimwaibishe.

9 Desemba

Arobaini na mmoja. Kumi na saba wana mayai. Nimepanda. Goti linauma. Hakuna dume.

12 Desemba

Hakuna dume. Bodo ameanza kuniita "mama mpunga".

18 Desemba

Nimeshindwa. Asubuhi nimeinua jiwe kwenye ile ndoo, na foza wangu, aliyekaa peke yake siku thelathini na mbili bila kuona hata kivuli cha mwenzake, amejikunja juu ya mayai yake. Mengi mno, meusi, yanang'aa. Nimemwita Bodo mwenyewe, sikutaka ayasikie kwa mtu mwingine. Nilidhani atacheka hadi kesho. Amechuchumaa, akatazama, akasema tu, "Wifi, mpunga wangu uko ghalani."

Nimekwenda kuutwanga. Nilikuwa katikati ya kinu cha pili ndipo mchi ukanisimama mkononi. Tangu Novemba nimepandisha ndoo ngapi? Nimefungua daftari pale pale, makapi yakinirukia usoni. Mia moja na zaidi, wote majike, wote wenye mayai. Hakuna hata mmoja anayehitaji mwenzake ili azae tena, na mimi nimewabeba kwa miguu yangu hadi kitalu cha orana, mahali pekee ambapo maporomoko yalikuwa yakiwazuia wasifike.

20 Desemba

Jana mvua haikuniruhusu. Leo nimepanda.

Nimeinua jiwe la kwanza, foza. La pili, foza watatu na vitoto visivyohesabika, vidogo kuliko punje ya mchele, vinatapakaa kwenye maji. La tano, orana mmoja, mkubwa, amekosa gando la kulia. Amejibana nyuma ya jiwe kama mgeni aliyekosa pa kukaa kwenye harusi. Nimekaa majini nikalia. Sijui nililia kwa uchungu au kwa hasira, labda yote mawili. Nilikuwa nikipanda huku nimenuna, nikitii ili nisisemwe, na hata siku moja sikuinua jiwe kutazama. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Juu ya kidimbwi kuna chemchemi tatu zinazotoka msituni. Foza wanatembea hata kwenye nyasi zenye umande. Wakifika huko, hakuna mtu atakayewatoa, na orana wetu watakuwa wamekwisha. Nimekata shauri: lazima watoke kidimbwini kabla hawajapanda, wote, hadi wa mwisho. Akibaki mmoja ni kama wamebaki wote.

21 Desemba

Nimemwambia Mama. Nilingoja amalize kula, Solofo akiwepo. Nimeeleza ndoo, daftari, mawe, orana aliyekatwa gando. Solofo aliinamisha kichwa. Mama alisikiliza hadi mwisho, akakung'uta makombo kwenye shuka lake.

"Unataka kuingia Kidimbwi cha Mama kuua wenye mayai."

Nimesema ndiyo. Sikupamba.

"Mimi nikiwa hai, hapana."

25 Desemba

Krismasi. Kanisani tumeimba. Mama hasemi nami. Namtwangia Bodo.

29 Desemba

Nimepanda na migono minne bila kumwambia mtu. Mwiko unakataza kuwaua wenye mayai, haukatazi kutega wasio nayo. Nimetoa foza ishirini na sita, tisa wana mayai. Hao tisa nimewaleta nyumbani kwenye ndoo wakiwa hai, nimewaweka nyuma ya jiko. Sijui nitawafanya nini. Siwezi kuwarudisha, na mkono bado unaogopa.

2 Januari

Solofo amesema niwe na subira na mama yake. Nimemwambia foza hawajui subira. Amekwenda kuchonga mpini ambao haukuvunjika.

8 Januari, Jumapili

Ndoo nyuma ya jiko zimefika saba. Mama amezikuta. Nilijua siku hiyo itafika, nikasimama tayari kwa matusi. Hakutukana. Alisimama juu ya ndoo moja, akatazama vitoto vilivyoanguliwa vikipanda juu ya migongo ya mama zao. Kisha akamwambia mwanawe ambebe.

Ana miaka minne hajapanda, miguu haimchukui. Solofo amembeba mgongoni njia nzima, mimi nyuma na mwavuli. Kidimbwini alitaka ashushwe kwenye jiwe moja bapa, upande wa mfenesi mwitu. Kumbe ni jiwe lake. Alipokuwa msichana, chini yake aliishi orana mkubwa ambaye kila mwaka alimkuta pale pale, akamgusa mgongo, akamwacha. Ameingiza mkono hadi kiwiko. Ametoa foza. Akaingiza tena, akatoa foza mwingine. Mara ya tatu ametoa gando jeusi, tupu, halina mwenyewe.

Amelilaza mapajani.

"Ni mimi," alisema.

"Ni mimi niliyebeba, Mama."

"Ulibeba kwa sababu nilikutuma. Usininyang'anye hata kosa langu." Akapangusa macho kwa pembe ya shuka. "Haya. Mnasubiri nini?"

11 Januari

Tumekaa wote, na Mzee Ralambo ameitwa. Ndiye fundi wa maji hapa, hakuna mfereji asioujua. Mpango ni huu: tuuzibe mkondo juu ya kidimbwi, tuugeuzie mfereji wa zamani, kidimbwi kikauke, tuokote kila kitu kwa mkono. Orana wapewe mabeseni ya maji ya chemchemi, foza magunia. Tunahitaji siku mbili bila mvua.

12 Januari

Mvua.

13 Januari

Mvua.

17 Januari

Mvua. Migono: arobaini na wanne. Orana: hakuna.

22 Januari

Mvua. Ukuta wa jiko la Bodo umelala. Hakucheka, basi ujue hali.

26 Januari

Foza mmoja nimemkuta kwenye nyasi, hatua kumi juu ya kidimbwi, anaelekea chemchemini. Nimemkanyaga. Alikuwa na mayai. Mkono uliogopa, mguu haukuuliza.

31 Januari

Redio imesema kimbunga kiko baharini, kitafika nchi kavu Ijumaa usiku. Lakini mawingu yameondoka. Solofo ametoka nje akatazama mbingu, akarudi kuchukua jembe. Kesho.

1 Februari, Jumatano

Tumeziba kwa mawe, udongo na migomba. Mzee Ralambo ameongoza mkondo kama mtu anayeswaga ng'ombe, na alasiri maji yakaukubali mfereji wa zamani. Jioni kidimbwi kimefika magotini. Siwezi kuandika zaidi, vidole vimekauka.

2 Februari, Alhamisi

Hakuna aliyekumbuka kuwa leo ni Alhamisi. Ni aibu kusema, lakini ndivyo. Alhamisi hapa jembe haligusi udongo, ni mwiko wa bonde zima, wala si wa ukoo wetu peke yake. Alfajiri tumekuta ukuta wetu unavuja pembeni na kidimbwi kimeanza kujaa. Mzee Ralambo aliinua jembe, akakumbuka siku, akaliweka chini kama limemchoma. Alisema yeye ana majaruba na watoto, hathubutu. Solofo naye akasita. Kusubiri Ijumaa ni kusubiri kimbunga.

Mama alikuwa juu ya jiwe lake, tulikuwa tumembeba tangu alfajiri.

"Mwiko ni wa jembe," alisema. "Mikono haina mpini."

Mzee Ralambo alimtazama, akakunja mikono ya shati, akaingia kwenye tope akaziba kwa viganja na kifua. Basi tukaingia wote. Bodo alishuka kijijini kuita wanawake, wakaja na masufuria, mabeseni, hata kopo la kunyweshea kuku. Tulikumba maji toka jua kuchomoza hadi saa sita, tukipokezana kwa mstari. Mzee Ralambo alikumba kwa ndoo ya bluu yenye ufa, na nilipoitazama sana alisema ndiyo, ndiyo ile aliyowaletea kutoka mjini.

Chini kulipoonekana, kulikuwa kunatembea. Tumeokota kila kitu. Kila jiwe tumeligeuza, kila shimo tumelichokonoa kwa vidole. Orana walikwenda kwa Mama, akiwapokea kwa mikono miwili na kuwaweka kwenye beseni. Foza walikwenda kwenye magunia. Saa fulani Bodo, kwa haraka, alimpelekea Mama foza mwenye mayai. Wote tukasimama. Mama alimshika, akamgeuza, akatazama yale mayai. Midomo yake ilianza kusema yale maneno, niliona, miaka sabini ya kuyasema haiwezi kufungwa siku moja. Akanyoosha mkono kwangu.

"Chukua wewe," aliniambia. "Wangu haukubali."

Nimemchukua. Na wote waliofuata nimewachukua mimi, na nimewaua mimi, kwa jiwe, mmoja mmoja, na kila mmoja nimemkumbuka kuwa huenda ni yule niliyembeba. Sikulia tena. Kazi ilikuwa nyingi.

Magunia manne na nusu. Orana hai thelathini na saba, watano wana mayai.

3 Februari

Tumefungua mkondo mapema asubuhi. Orana wamerudi. Bonde zima limekula foza, wengine mara tatu, Mzee Ralambo amekula akiwa amefumba macho. Mama amekula mhogo. Upepo umeanza.

7 Februari

Kimbunga kimepita. Paa la upande wa jikoni halipo, mpunga wa chini umelala kwenye mchanga, ndizi zote zimekatika. Watu wote wazima. Daftari nimelilalia mimi mwenyewe.

9 Februari

Nimepanda na migono. Kidimbwi kipo, maji ni chai ya maziwa. Hakuna foza.

10 Februari

Hakuna.

11 Februari

Hakuna. Orana mmoja kwenye mgono, nimemtoa polepole.

18 Februari

Hakuna. Bodo ameniita nikapumzike. Huyo huyo ndiye amesuka migono miwili mipya bila kuombwa, ameitupa mlangoni kwangu kama takataka.

24 Februari

Mmoja. Mdogo, urefu wa kidole gumba, hana mayai bado. Nilikaa kwenye tope nikimtazama kabla ya kumponda. Mmoja anatosha kujaza kidimbwi kufika mwakani, hahitaji mtu. Niliporudi Bodo alisema, basi wifi, tumeshindwa, tule tu hao waliopo. Nimemwambia aende akatwange. Kisha nimeongeza migono mitatu.

3 Machi

Hakuna. Nimetega pia kwenye chemchemi tatu. Hakuna.

10 Machi

Hakuna. Kule chini mtoni nimetoa hamsini kwa chakula. Wale hawatakwisha, najua, nitawala hadi nizeeke. Vita vyangu ni pale juu.

14 Machi

Homa. Sikupanda.

15 Machi

Homa. Sikupanda. Solofo yuko barabarani na vibarua wa kuondoa miti. Nimemwambia Bodo apande, mtoto wake naye ana homa. Nimelala nikihesabu foza kwenye dari.

16 Machi

Homa imeshuka. Mvua ya manyunyu. Asubuhi kitanda cha Mama kilikuwa kitupu na kijiti chake hakikuwepo. Nilidhani amekwenda kwa Bodo. Saa sita Bodo akaja kumuuliza kwangu. Tulitazamana, tukatoka mbio, mimi nikiwa na blanketi mabegani.

Tumemkuta chini ya maporomoko, anashuka kwa makalio, jiwe hadi jiwe, tope limefika kifuani, amefunga kitu kwenye pembe ya shuka. Amekataa kubebwa. Amesema amepanda peke yake tangu alfajiri na atashuka peke yake. Tumetembea mbele na nyuma yake hadi nyumbani kama tunasindikiza bibi harusi.

Alipokaa kwenye mkeka alifungua shuka. Foza, mkubwa, mkia umejaa mayai. Kichwa kimepondwa.

"Alikuwa chini ya jiwe langu," alisema. "Na orana yupo. Amekaa pembeni, mdogo, nimemgusa mgongo. Huyu ndiye alikuwa anataka kumtoa."

Nimemuuliza nani amempiga, ingawa niliuona mkono wake wa kulia, umechubuka vifundoni.

"Nilimwomba radhi kwanza. Nilimwambia kosa si lake, ni la aliyemkaribisha." Akamsogeza kwangu kwa kidole. "Mpike."

Nimempika kwa chumvi tu. Mama amemtenga na wali, akavunja mkia, akala nyama na mayai yake, yote, polepole, huku machozi yakimshuka na yeye hayapangusi. Alipomaliza alinawa.

"Lete lile daftari lako."

Mama hajui kusoma. Nimelileta, nikashika kalamu.

"Andika. Tarehe ya leo. Jike mmoja, mwenye mayai." Alingoja kalamu yangu imfikie. "Hakurudishwa. Weka na jina langu, wajukuu wakisoma wajue ni mimi niliyevunja, asisemwe mke wa Solofo."

Nimeandika. Rasendra, binti wa Sahalava, amemla mwenye mayai ili orana wakae.

17 Machi

Migono kumi na mmoja. Hakuna.